Kwetu tunazunguka kwanza

Kwetu hakuna mtu aliyewahi kupanda gari baba hajalizunguka. Liwe gari la nani, teksi, pikapu ya mjomba, Land Rover ya kazini kwake, hata daladala la Gongo la Mboto, mzee atapita kushoto arudi na kulia, anagusa tairi moja moja kwa kiganja kama mtu anayempima mtoto homa, anainama kuangalia chini kama kuna oili inadondoka, halafu ndo anasema "haya pandeni". Konda anapiga kelele mzee twende bana, abiria wanasonya, sisi watoto tumeangalia chini kwa aibu. Yeye hana habari. Na kama tairi ni kipara hatupandi, tutasubiri lingine hata mvua ikinyesha.

Baba alikuwa rubani wa jeshi. Amefariki Agosti 2023 akiwa na miaka 77, na tangu tumemzika nimekuwa nikianza kuandika habari zake naacha, naanza naacha, kwa sababu kila nikianza naona watu watategemea hadithi za ndege za kivita na mabomu na yeye hakuwa mtu wa hivyo. Alikuwa rubani wa ndege za mizigo. Alibeba unga, risasi, mahema, askari, maiti na majeruhi. Na alikuwa baba wa watoto wanne, mimi ndo wa kwanza, na kwa kweli mimi nilimjua zaidi kama mtu wa kupiga pasi. Kila Jumapili jioni alikuwa anawasha pasi ya mkaa, anatia kidole mate anagusa chini ya pasi, tss, halafu anapiga sare zetu zote nne anazining'iniza kwenye msumari kwa mpangilio wa umri. Majirani kule kota walikuwa wanaongea, kwamba afisa mzima anapiga pasi mke yupo, na mama alikuwa anawajibu mwacheni apige, akipiga yeye haziungui.

Kwao ni Songea. Alisoma kwa wamisionari Peramiho na jeshi lilimkuta kijana. JWTZ ilikuwa ndo kwanza imeundwa, Septemba 1964, baada ya yale maasi ya Januari ya Tanganyika Rifles, na upande wa ndege nchi ilikuwa haina kitu. Wajerumani wa Magharibi ndo walianza kutusaidia, wakaondoka 1965 kwa ugomvi wa mambo ya Ujerumani Mashariki, Wakanada wakashika nafasi yao. Ndo hivo kijana wa Songea aliyekuwa hajawahi kuona hata bahari ya Hindi akajikuta Canada kwenye theluji anafundishwa kurusha ndege. Alikuwa anasema baridi aliizoea ndani ya mwezi ila chakula hakuzoea mpaka anaondoka, alikuwa anaota ugali, anaota kabisa usiku anauona umefunikwa.

Ndege yake ya kwanza aliyoipenda ni Caribou. Sisi watoto tulijua inaitwa Karibu, na wala hakutusahihisha kwa miaka mingi, tulikuwa tunasema baba anarusha Karibu. Ni ndege ya Kikanada, injini mbili za pistoni, mkia umenyanyuka juu na nyuma inafunguka kama mlango wa lori, inabeba askari 30 na kidogo, na uzuri wake inatua kwenye kiwanja kifupi cha vumbi ambacho ndege nyingine ingekwenda kuishia porini. Baadaye wakaletewa Buffalo ambayo ni kama mdogo wake mwenye nguvu zaidi. Alipokuwa anatueleza alitumia kiganja, anakiinamisha hivi, anakiinua, na mama anamwambia chai inapoa.

Kitu kimoja nilikiona kwake nikiwa mdogo sikukielewa mpaka nimekuwa mkubwa. Mafuta ya taa yakinunuliwa dukani hayaendi kwenye chemli moja kwa moja. Anamimina kidogo kwenye glasi, ile glasi nyeupe ya wageni, anaiweka dirishani kwenye mwanga anasubiri. Mama anasema giza linaingia baba, yeye anasubiri. Kumbe maji ni mazito kuliko mafuta, yanakaa chini, ukiyaacha yatulie unaona mstari kabisa katikati, juu mafuta chini maji. Na kwenye ndege ni hivyo hivyo, kabla ya kuruka unachuja mafuta kidogo kwenye chupa unaangalia, kwa sababu maji yakiingia kwenye injini inazima na inaweza kuzima ukiwa ndo umetoka tu ardhini. Miaka ile ya shida wauzaji walikuwa wanachanganya, na mara mbili nakumbuka mwenyewe aliuona huo mstari, akarudi dukani na glasi yake mkononi, hajapiga kelele, ameiweka tu kaunta watu wote waione.

Na kitu cha pili ni arobaini na tano.

Rubani hajazi mafuta ya kufika tu. Anapiga hesabu ya kufika anakokwenda, anaongeza ya kwenda kiwanja cha pili endapo cha kwanza kimefungwa na mvua au ukungu, halafu juu ya hapo anaweka ya dakika 45 ambayo hutakiwi kuyagusa, yapo tu. Basi baba alichukua hesabu hiyo akaileta nyumbani kama ilivyo. Mshahara ukitoka, ya matumizi anapewa mama, ya ada na nauli za likizo inawekwa kwenye bahasha, na kuna kopo la Blue Band juu ya kabati ambalo halikuwa na jina lingine zaidi ya arobaini na tano. Baada ya vita ya kumtoa Amin Mwalimu akatangaza miezi 18 ya kufunga mikanda, na waliokuwepo wanajua hiyo miezi 18 iligeuka miaka, foleni ya sukari, foleni ya sabuni, kitambaa unanunua kwa kibali, spea hakuna nchi nzima kwa sababu fedha za kigeni hakuna, kuna majuma baba alikuwa anaenda kazini asubuhi anarudi jioni hajaruka. Hata wakati huo kopo lilikuwa na kitu. Kidogo sana lakini kilikuwepo. Mdogo wangu alipata degedege usiku wa manane 1981, mama alipanda juu ya kiti akashusha kopo ndo ikapatikana teksi. Na kuna mara moja nilimuona baba mwenyewe analishusha akiwa na jirani yetu mlangoni, mama mmoja ambaye mume wake hakurudi kutoka Uganda. Alimpa lote na kopo lake.

Vita sasa. Watoto wa leo wanaisoma shuleni kwamba majeshi ya Amin yaliingia Kagera mwishoni mwa Oktoba 1978, Mwalimu akahutubia tarehe 2 Novemba, uwezo wa kumpiga tunao, sababu tunayo, nia tunayo, na Kampala ikaanguka 11 Aprili 1979. Mimi nilikuwa na miaka saba, ninachokumbuka ni redio. Saa mbili usiku nyumba nzima kimya, mama amekaa karibu na redio mkono uko kwenye spika kabisa kama vile ataihisi habari kabla haijasemwa. Baba aliondoka asubuhi, amezunguka gari lililokuja kumchukua, akapanda. Tulimuona tena baada ya wiki sita, amelala usiku mmoja, akaondoka tena.

Hadithi aliyokubali kutusimulia ni moja tu, ya swala wa Saanane. Mwishoni mwa Machi 1979 ndege ya Libya, maana Gaddafi alikuwa anamsaidia Amin, ilikuja kulipua matenki ya mafuta pale Mwanza, ikakosa, mabomu yakaangukia kisiwa cha Saanane kwenye hifadhi ya wanyama yakaua swala. Baba alikuwa Mwanza siku hizo. Tuliipenda sana hiyo hadithi, tulikuwa tunamuuliza na simba je, na twiga je, na yeye anajibu moja moja kwa subira. Sa hivi ndo najua alikuwa anatupa hiyo ili tusiombe nyingine.

Nyingine nilikuja kuipata mimi peke yangu, 2009 hivi, tumekaa nje umeme umekatika. Walikuwa wanapeleka vitu Bukoba na kurudi na majeruhi Mwanza. Kiwanja cha Bukoba kwa asiyepajua kiko ziwani kabisa, upande mmoja maji upande wa pili mji na nyuma yake mwamba umesimama kama ukuta, na mvua ya pale haina ratiba. Alisema alichokuwa anakiogopa ni askari wetu wenyewe walioko chini na mizinga ya kutungulia ndege, kwa sababu mtu aliyekaa wiki nzima anaangalia juu akisubiri adui, kila ndege kwake ni adui. Basi safari moja wamepakia machela, kuna kijana amekatika mguu, hajawahi kupanda ndege maisha yake, akamuita baba wakati anapita kwenda mbele, akamwambia afande mimi kwetu Tunduru, tutapita juu ya kwetu? Tunduru na Songea ni majirani. Baba akamwambia ndiyo, tutapita, nitakwambia. Na Bukoba na Tunduru wapi na wapi, ni pembe mbili za nchi. Wakiwa juu ya ziwa akamtuma muuguzi akamwambie yule kijana kwamba sasa tuko juu ya Tunduru. Muuguzi akarudi akasema amefurahi. Walipotua Mwanza alikuwa ameshafariki.

Nilidhani kinachomuuma ni ule uongo. Akasema hapana, uongo ule angeurudia hata leo. "Sikumuuliza jina, mama." Alikuwa ananiita mama kwa sababu nina jina la mama yake. "Nimemuuliza kwao, sikumuuliza jina."

Hapo nikaelewa kitu ambacho nilikuwa nakiona tangu utoto kama tabia tu ya mzee. Baba alikuwa anauliza kila mtu jina. Konda, fundi baiskeli, dada wa kazi siku ya kwanza kabla hajatua hata begi, mtoto aliyetumwa kuleta chenji, anauliza unaitwa nani, na akikuuliza leo baada ya miaka mitatu atakuita kwa jina lako. Watu wa mtaani walimpenda kwa hilo, walisema mzee ana kumbukumbu.

Sitaki mtu afikiri tuliishi naye kwa raha kila siku. Nilikuwa na kinyongo naye muda mrefu. 1988 niko kidato cha tatu, shule imepanga safari ya Bagamoyo kuona magofu ya Kaole, nimelipa, nimeshonewa gauni, tumeshakaa kwenye basi tunaimba. Baba akaja kunisindikiza, akalizunguka basi. Akazunguka mara ya pili. Akaongea na dereva, akaongea na mwalimu, kisha akaingia ndani mbele ya wenzangu wote akaniambia shuka. Tairi mbili za nyuma zilikuwa zimeisha mpaka nyuzi zinaonekana. Nilishuka nalia. Basi likaenda, likarudi jioni salama salimini, wenzangu wanaimba wamenunua na visheti. Nikamwambia kwa hasira, na sisi hatukuzoea kumjibu baba, nikamwambia si unaona wamerudi? Akanijibu taratibu kabisa, "Kurudi kwao hakujafanya zile tairi ziwe nzima. Wametumia bahati. Leo wametumia, kesho watatumia nini?"

Sikukubali. Miaka kumi na kitu sikukubali. Niliona ni mtu anayetafuta kuwa sahihi hata akiwa amekosea.

Nikasomea unesi. Miaka ya mwanzo ya kazi, niko wodi ya watoto, zamu ya usiku, nimechelewa kufika na mwenzangu anataka kuondoka, tukakabidhiana haraka haraka bila kukagua mtungi wa oksijeni. Imeandikwa kwenye daftari uko sawa, nikasaini. Saa tisa usiku akaletwa mtoto wa miezi minane na nimonia kali, mdomo umeshakuwa wa bluu, nafungua mtungi, hamna kitu. Mtupu. Nilimbeba mtoto mikononi nikakimbia naye peku wodi ya pili, viatu sijui viliachwa wapi, mama yake ananifuata anapiga kelele. Alipona. Asubuhi daktari akanipongeza mbele ya watu kwa kukimbia.

Nikapita kwa baba kabla sijaenda kulala, nikamkuta anamwagilia mchicha. Shikamoo baba, marahaba mama, nikamsimulia yote mpaka mwisho, mtoto amepona baba, ananyonya. Akasema Mungu ni mwema. Akamwagilia tuta zima kimya halafu akaniuliza, "Na mtungi?"

Nikaanza kulia palepale kwenye mchicha. Kwa sababu nilikuwa nimepongezwa na nilikuwa nimetaka sana iishie kwenye kupongezwa. Hakunigombeza. Aliweka ndoo chini akanishika bega akasema nenda kalale, ukiamka urudi ukawaambie. Nikarudi nikawaambia, na haikuwa rahisi, na tangu hapo mpaka leo miaka zaidi ya 20 sianzi zamu sijafungua mtungi kwa mkono wangu nikasikia ule upepo. Wadogo zangu wa kazini wanasema sista ana mambo ya kijeshi.

Kuna usiku mwingine lazima niuseme. Alistaafu akiwa Meja, akajenga Ukonga Mombasa, hapa hapa Dar, na kwa vile ni mtu wa kiwanja cha pili alikuwa amewakaririsha wajukuu tangu wanajifunza kuongea kwamba kikitokea chochote, moto, mafuriko, chochote, na hamuoni mtu mzima, mnakwenda kwa shangazi Tabata, mnapita njia ya Segerea, hamsubiri mtu na hamrudi kumtafuta mtu. Tulimwambia baba unawatisha watoto. Tarehe 16 Februari 2011 yakalipuka mabomu kwenye maghala ya jeshi Gongo la Mboto. Aliyekuwa Dar anajua usiku ule ulivyokuwa, mbingu nyekundu, nyumba zinatikisika, watu wanakimbia na magodoro, mtu kambeba mbuzi, mama kabeba mto akidhani ni mtoto. Watoto wengi walipotezana na wazazi wao usiku ule, mpaka siku kadhaa redio zilikuwa zinataja majina. Mimi nilikuwa zamu. Wanangu wawili, miaka 12 na 9, walikuwa wametumwa dukani. Simu haziingii. Saa saba usiku ndo nikampata shangazi, akaniambia wapo hapa, wamekuja kwa miguu, wameshikana mikono, mdogo ana kiatu kimoja, wanakunywa chai. Baba na mama wakafika alfajiri, baba ametembea pole pole na mama mwenye magoti mabovu njia nzima, na alipoingia aliwahesabu kwanza kwa kidole, mmoja, wawili, ndo akakaa chini. Ndo mara ya pekee nilimuona mikono inamtetemeka.

Novemba 2022 ilipotokea ile ajali ya ndege ya abiria ya kuingia ziwani Bukoba, watu 43 ndani, 19 wakafa, alikuwa ameshaanza kuumwa. Tuliangalia kwenye tivii wote, wavuvi na kamba wanavuta ile ndege mkia umebaki juu. Watu walikuwa wanapiga simu wanamuuliza Kepteni unaonaje, maana mtaani walimuita Kepteni hata baada ya kuwa Meja, wanataka aseme nani kakosea. Hakusema. Alitaka kujua jina la yule kijana mvuvi aliyewahi kuufungua mlango. Alipoambiwa anaitwa Majaliwa akalirudia mara mbili.

Figo ndo zilimchukua. Wiki ya mwisho alikuwa anachanganya, anamuuliza mama hali ya hewa ya Mwanza, na mama ambaye hajawahi kuendesha hata baiskeli alikuwa anamjibu ni nzuri baba fulani, hakuna wingu. Kopo lilikuwepo bado juu ya kabati, lingine lakini Blue Band vilevile, na ndani ilikuwa hela ya jeneza na mafuta ya gari mpaka Songea, ameshapiga hesabu, na juu yake kidogo.

Jeshi walikuja wakamuaga kwa heshima zote, mama akakabidhiwa bendera imekunjwa, akaishika kama anavyoshika nguo iliyotoka kupigwa pasi.

Saa kumi alfajiri tulikuwa tayari kuondoka, gari la mwili mbele na Coaster mbili nyuma, karibu kilomita 950 mbele yetu, Mikumi, Kitonga, Makambako, Njombe. Dereva ameshawasha. Mdogo wangu wa kiume anayenifuata, yule wa degedege, mtu mzima wa miaka arobaini na kitu mwenye suti nyeusi, akashuka. Hakuna aliyemwambia. Akaanza kupita kushoto, anagusa tairi kwa kiganja, anainama. Dereva akatoa kichwa dirishani, vipi bosi, kuna shida? Akasema hamna shida kaka, kwetu tunazunguka kwanza. Wewe unaitwa nani? Dereva akamtajia jina, akashuka, akawasha tochi ya simu akamulikia tairi za nyuma upande wa kulia, wakainama wote wawili wakaangalia chini muda mrefu.

Mama alikuwa kiti cha mbele kwenye Coaster yetu. Akashusha kioo.

"Haya," akasema, "pandeni."